Shukrani kwa dada wa mwaka wa tatu, Malimbe

Dada uliyenisaidia kubeba ndoo na begi kutoka stendi ya Nyegezi hadi kwenye daladala ya Malimbe, kilipo chuo chetu cha SAUT hapa Mwanza, asante sana. Jina lako sikulipata. Naandika hadharani ili na wenzangu wa mwaka wa kwanza wayapate uliyoniambia njiani.

Kwamba GPA (wastani wa alama za masomo yote ya chuo) huanza kuhesabiwa muhula wa kwanza, na anayetaka daraja la kwanza, yaani 4.4 kwenda juu, hasubiri mtihani wa mwisho. Majaribio na kazi za darasani zina alama zake. Nyuma ya risiti yangu uliandika: kodi, chakula, kutoa kopi, akiba. “Bumu likiingia ligawe kabla hujafika Rock City Mall,” ukasema huku unacheka, ukimaanisha pesa ya mkopo wa wanafunzi.

Lililonigusa zaidi ni la kazi za kikundi: jina langu lisiwepo kwenye karatasi kama sijaandika hata aya moja. (Kikundi chetu tayari kina wawili wa namna hiyo, na tumeshawaambia.) Mahudhurio nayo nisaini mwenyewe, nisimsainie mtu.

Dada, jaribio la kwanza nimepata 17 kati ya 20. Mungu akubariki sana.