Vijiti kwanza, vizibo baadaye

Jinja, Februari

Dada Amina,

Salamu nyingi, na pole kwa heka heka za kufungua muhula. Umeuliza ufundisheje mamoja na makumi kwa watoto 60 wa darasa la pili. Kwangu jibu ni vijiti, na kila mtoto afunge kumi lake mwenyewe. Vizibo vya soda viweke kando kwanza. Vinahesabika vizuri, lakini havifungiki wala havifunguki, na somo lenyewe limo humo.

Kata matete membamba kuliko penseli, yenye urefu wa kidole chako cha kati. Kwa fundi baiskeli omba tyubu iliyochakaa, uikate pete za upana wa nusu sentimita. Wagawe watano watano, kila kundi vijiti 60 na pete 6, jumla vijiti 720 na pete 72. Usiwape mafungu yaliyokwisha kufungwa: mtoto aliyepokea fungu tayari huliona kijiti kimoja kinene.

Kwenye karatasi wachore vyumba viwili, makumi kushoto, mamoja kulia. Wote wakae upande mmoja! Aliyekaa ng'ambo huona mamoja kushoto, halafu tunamlaumu akiandika 32 badala ya 23.

Sasa tia mfukoni vizibo sita vyenye namba 1 hadi 6 (kazi yao ndiyo hiyo). Mtoto achomoe kimoja bila kuchungulia, achukue vijiti idadi hiyo, aviweke kwenye mamoja, arudishe kizibo. Vikifika kumi, afunge na kuhamisha kabla mwenzake hajachomoa. Kila zamu waandike namba chini ya vyumba. Chumba kitupu kiandikiwe 0, la sivyo 30 itageuka 3. Waendelee hadi 50.

Kesho yake waanze na mafungu matano, warudi hadi sifuri. Siku hii walimu wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Mwenye mafungu matatu tu, bila kijiti kwenye mamoja, aliyechomoa 4 hana njia ila kufungua fungu moja. Akizoea hivyo, kutoa kwa kukopa hakutamtisha.

Kwa nini 50? Kiswahili husema "kumi na tatu" waziwazi, lakini "ishirini" huficha makumi mawili. Watoto wako wa Bombo wanajua Kiluganda, nacho kinayataja: amakumi abiri, amakumi asatu, mpaka amakumi ataano, yaani makumi matano. Ikifika nkaaga, yaani sitini, msaada umekwisha. Basi tumia lugha wakati bado inakubeba.

Utakutana na 203 kwa 23. Mtoto ameandika alichosikia: ishirini, kisha tatu. Kumkemea hakusaidii. Kata kadi ya 20 yenye upana wa sentimita 10 na ya 3 yenye sentimita 5, aipandishe 3 juu ya sifuri ya 20, aone sifuri imefunikwa ila bado ipo chini.

Ijumaa mpe mmoja mmoja vijiti 16, aandike idadi, kisha gusa ile 1 na useme, "Nionyeshe vijiti vya hii." Akikupa kimoja, mrudishe kwenye kufunga, hata kama daftari lake limejaa alama za vema. Mamia yangoje, yakija, mafungu kumi yatie ndani ya kopo moja.

Pete kata za akiba, maana hukatika na nyingine huondoka mifukoni kuwa manati.

Wako,
Hadija