Msindano hauna salari slipu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka nafundisha, nimestaafu sasa, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya juzi kwamba vijana wetu wananyimwa vibali vya kusoma Kanada eti kwa kuwa hawajui kujaza fomu imenikaa kooni, nimeshindwa kuimeza. Binti wa dada yangu kaijaza ile fomu, nimekaa naye mezani siku tatu tunapitia neno kwa neno. Fomu haikuwa na kosa.

Mwandishi wenu hakugusa hela kabisa, na hela ndiyo kesi yenyewe. Mpaka mwisho wa 2023 Kanada walikuwa wanataka mwanafunzi aonyeshe dola 10,000 za kwao za kuishi mwaka mmoja. Januari 2024 ikapanda ikawa 20,635, Septemba 2025 ikawa 22,895, na hapo ada haimo, nauli haimo. Kwa shilingi zetu ni kama milioni 40. Na wanataka waone stetimenti ya benki ya miezi 4. Sikatai, nchi ni yao na kule nyumba ni ghali, wana haki ya kuuliza mtoto atakula nini.

Ila sisi ni watu wa Njombe, Mhariri, na huku benki yetu ni miti. Binti alipoanza darasa la kwanza, 2007, baba yake alipanda ekari 6 za misindano akasema hii ya shule. Mwaka uliofuata akafariki. Tumeipogolea ile miti, kila kiangazi tunafyeka njia ya moto, kuna mwaka moto ulivuka kwa jirani tukalala shambani na matawi mabichi mkononi usiku kucha. Mwaka jana akapata nafasi ya masters ya afya ya jamii, tukauza. Mnunuzi wa mbao kaja na lori, kalipa siku moja, na hela tukaikimbiza benki siku hiyohiyo maana nani alaze mamilioni ndani ya nyumba? Mama yake akachukua mgao wake wa VICOBA, mimi nikaongeza kilichobaki kwenye kiinua mgongo changu. Ndani ya wiki mbili akaunti ikajaa. Maombi ya kibali yakapelekwa, jibu lilikuja Novemba, tukaliprinti steshenari pale stendi. Karatasi ya kwanza yale maneno yao wanayompa kila mtu, afisa hajaridhika kwamba utaondoka Kanada muda wako ukiisha. Ya pili ni maelezo ya afisa, siku hizi wanayaambatanisha, mistari haifiki hata kumi: hela imeingia kwa mkupuo, chanzo hakieleweki, mfadhili ni mjomba na uhusiano haujathibitishwa. Basi! Miti miaka 18 chanzo hakieleweki, na mimi niliyemlea tangu ana miaka minane sieleweki ni nani wake. Dada yangu alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, kaka, sasa wanataka tuwapelekee visiki?

Angekuwa na baba mwenye mshahara na salari slipu kila mwisho wa mwezi sidhani kama wangeuliza. Msindano hautoi slipu, unakaa kimya miaka 18 halafu unalipa siku moja. Ng'ombe wa Shinyanga hivyohivyo, na shamba la urithi hivyohivyo. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanakwama na hakuna anayewaambia mapema.

Halafu masharti yenyewe hayatulii. Ile barua ya jimbo, ambayo jimbo chuo kilipo linathibitisha nafasi yako, waliianzisha Januari 2024, mwaka huo mtu wa masters hadaiwi, 2025 akadaiwa, 2026 wameiondoa tena kwa vyuo vya umma. Binti yetu kaomba mwaka huohuo wa katikati, kasubiri chuo kimpe hiyo barua wiki tano. Kulikuwa pia na dirisha la haraka la kuomba kibali cha kusoma, lililoanza 2018, likafika nchi 14, Afrika wakiwemo Senegali na Moroko tu, sisi hatukuwahi kuwemo mpaka wakalifunga Novemba 2024. Dola 150 za maombi na 85 za alama za vidole ndo zimeenda hivyo.

Na mawakala, maana nimeshaanza. Mmoja wa Dar tulimlipa laki nane afungue faili. Hakutuambia neno hata moja kuhusu karatasi za mauzo ya miti. Alichotuambia ni kwamba kuna mtu anakopesha hela ya kuonyesha, inakaa kwenye akaunti, unalipa riba, inarudi kwa mwenyewe. Tukakataa, akatucheka. Sheria ya Kanada inasema anayelipwa kumwakilisha mtu kwenye maombi lazima awe wakili au mshauri mwenye leseni ya kule, nikamuuliza leseni yake iko wapi, mpaka leo simu hapokei. Andikeni habari ya hao.

Ombi langu ni hili. Kila mtendaji wa kijiji awe na fomu moja ya mauzo ya miti: ekari, umri wa miti, jina la mnunuzi, kiasi, tarehe na muhuri, Kiswahili mbele Kiingereza nyuma. VICOBA nao mweka hazina asaini karatasi ya mgao. TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, wawaambie watoto mapema, hela iingie benki angalau miezi 4 kabla na karatasi zake. Na ninyi mnaochapa bei ya dola kila siku, wekeni kisanduku kila Jumatatu, Kanada leo wanataka kiasi gani na kimebadilika lini.

Binti anaomba tena. Safari hii visiki tumevipiga picha, mnunuzi tumemfuata mpaka Makambako kasaini. Mimi nimezaliwa 1962, cheti cha kuzaliwa nimekipata RITA mwezi uliopita, nimekiweka pamoja na cha dada ili waone mama yetu ni mmoja. Yale maelezo ya afisa nakala ninayo, nitawatumia, mwandishi wenu ayasome kabla hajaandika tena habari za fomu.

Mjomba mtu,
Njombe