Mwanangu, kuhusu albamu yenu ya pili

Lowell, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeongea kwa mpango, kama mtu anayesoma hesabu za duka: kwamba kwenye shoo ya bendi yenu Worcester watu walitoka nje kuvuta sigara wimbo wa nne ulipoanza, kwamba yule kijana asiyekosa shoo hata moja alikuja kwenye meza ya fulana akakwambia usoni kuwa anawataka "nyinyi wa zamani", kwamba mpiga besi wenu anaona bora mrudi kwenye nyimbo za kuchezeka, na kwamba huenda mkaiondoa albamu kabisa mkaanza upya. Halafu ukapumua, ukasema: "Na wewe Baba, mbona kimya?"

Kimya changu nitakifikia. Kwanza nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia, kwa sababu kina aibu kidogo ndani yake.

Unajua nilifika huku Marekani Septemba 1994, na koti moja la mtumba nililolinunua sokoni Kongowea, Mombasa, ambalo muuzaji aliniapia ni la baridi kali. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuosha vyombo katika jiko la hoteli moja Cambridge, mwendo mfupi tu kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Niliosha sufuria pamoja na kijana mmoja wa hapa hapa, mwenye nywele kama ufagio wa makuti, na redio yake ya kaseti ilikuwa imeshika mafuta ya kukaangia hadi vitufe vinanata. Kaseti ilikuwa moja tu, ile albamu ya kwanza ya bendi ya Weezer yenye jalada la buluu, iliyotoka mwezi Mei mwaka huo huo. Kiingereza chao cha haraka kilinipita, lakini gitaa zilikuwa nzito, laini, kama uji uliokorogwa vizuri, na viitikio vyake hata mtu aliyeshika sinia kumi angeweza kuviitikia. Albamu ile ilikwenda kwa kishindo, ikapita nakala milioni 1 Marekani hii hii. Mimi nilikuwa sina rafiki bado, na nyimbo zile zikawa rafiki.

Kwa hiyo ilipotoka ya pili, tarehe 24 Septemba 1996, nilikwenda na mshahara wangu mkononi. Inaitwa Pinkerton. Jaladani kuna picha ya kale ya Kijapani ya mchoraji Hiroshige: kijiji usiku, theluji, na watu wawili watatu wameinama wakipita njiani. Nikaona hii imechorwa kwa ajili yangu.

Nilifika nyumbani, nikaiweka. Mwanangu, nilidhani CD ina kasoro. Gitaa zilikwaruza, zililia kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Mwimbaji alikuwa anapiga kelele, na nilipokaa na karatasi ya mashairi na kamusi, nikakuta mtu mzima analia kwamba yuko peke yake, kwamba wanawake wamemchosha na bado anawataka, kwamba anajichukia. Hakuna kilichopambwa. Yule kijana wa jikoni aliivumilia siku mbili, ya tatu akarudisha kaseti ya buluu. Mimi wiki ya tatu niliipeleka yangu duka la CD kuukuu, nikapewa dola mbili. Nakumbuka hata nilichonunua nazo: kahawa na andazi lao lile lenye tundu katikati.

Na hatukuwa peke yetu. Albamu iliingia chati ya Marekani katika nafasi ya 19, na kwa bendi iliyotoka kuuza kiasi kile huko ni kujikwaa mlangoni. Redio kadhaa zikaukwepa wimbo wa kwanza walioutoa kwenye albamu hiyo. Mwisho wa mwaka wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura kuwa ya tatu kwa ubaya kati ya albamu zote za 1996. Wanunuzi wenyewe hao, siyo wachambuzi. Watu kama mimi na mwenzangu wa sufuria.

Ndipo nikajua, miaka mingi baadaye, vile albamu ile ilivyopatikana. Rivers Cuomo, mwimbaji na mtunzi wao, alizaliwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe. Sifa za albamu ya kwanza zilipokuwa juu kabisa, mwaka 1995, alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kuurefusha: mfupa unakatwa, mguu unafungwa chuma chenye misumari inayoingia mpaka ndani, na kila siku skrubu zinazungushwa kidogo ili mfupa uvutike. Katika hali hiyo akajiandikisha Harvard na kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na minane. Kwenye albamu umo wimbo anaolalamikia mkongojo wake, kama wa mzee. Sasa fikiria, msimu ule wa baridi mimi nilikuwa natoka zamu usiku, navuka theluji ile ile ya Cambridge kwa viatu visivyofaa. Huenda tulipishana. Huenda nilimwona kijana mwenye miwani anachechemea, nikasema moyoni, masikini, halafu baadaye nikauza kilio chake kwa dola mbili.

Lakini nataka kuwatetea kidogo wasikilizaji, kwa sababu nilikuwa mmoja wao na sikuwa mjinga.

Wewe hukulelewa kwenye taarabu, umeisikia kwenye simu yangu tu. Kwetu Mombasa, harusi ikifika usiku wa manane na muimbaji akaugusa moyo wa mtu, mtu huyo huinuka, akaja mbele akicheza polepole, akamtuza noti. Kila mtu ukumbini anatazama: kainuka kwa ubeti gani? Kamlenga nani? Hapo ndipo utamu ulipo, na utamu huo unawezekana kwa sababu wimbo umefumbwa. Muimbaji kasema ua, kasema jahazi, kasema tunda lililoliwa na popo. Aliyeachwa anajijua, aliyeiba mume wa mtu anajijua, na hakuna aliyetajwa. Shangazi yangu wa Kibokoni, Mungu amrehemu, alikuwa na hukumu moja tu juu ya wimbo uliosema mambo waziwazi: "Huu haujapikwa." Alisema hivyo hata kama sauti ni nzuri, akabaki kitini na noti yake kwenye mkoba.

Basi mimi niliisikiliza Pinkerton kwa masikio ya shangazi. Haijapikwa. Mtu kaleta nyama mbichi mezani akatwambia tule. Na Wamarekani nao, kwa namna yao, walikuwa wamezoea mafumbo: albamu ya buluu ilikuwa na huzuni tele ndani yake, ila ilivalishwa mzaha na sauti tamu. Ya pili walikataa hata kumpa mtayarishaji wa nje, wakairekodi wenyewe, mikwaruzo na yote. Hata jina ni la kujishitaki: Pinkerton ni yule afisa wa jeshi la majini katika opera ya Puccini, Madama Butterfly, anayemuoa binti wa Kijapani, akamuacha. Mtu anajiita kwa jina la mwanamume mbaya wa hadithi, halafu anasubiri kutuzwa?

Tena umo wimbo mmoja kuhusu barua aliyoandikiwa na binti wa miaka kumi na minane kutoka Japani, na jinsi anavyomuwazia. Mimi nina binti. Wimbo huo naupita mpaka leo, na ukiniambia ndio bora kuliko yote nitakubali kwamba muziki wake ni mzuri, na bado nitaupita. Kwa hiyo usidhani kila anayetoka nje kuvuta sigara hajui kusikiliza. Wengine wamesikia sawasawa.

Lakini angalia kilichomtokea yule bwana, maana hapa ndipo nakutaka. Aliwaamini wasikilizaji wa miezi mitatu ya kwanza. Bendi ilikaa miaka mitano bila albamu. Mpiga besi wake akaondoka 1998. Yeye mwenyewe alijifungia Los Angeles, akapaka chumba rangi nyeusi na kuziba madirisha. Aliporudi 2001 alirudi na nyimbo fupi, nadhifu, zisizomtaja mtu wala maumivu, na akaisema vibaya Pinkerton mbele ya waandishi, kama mtu anayemkana mtoto wake sokoni.

Na wakati anaikana, vijana walikuwa tayari wameiokota. Wenye miaka kumi na mitano, kumi na sita, waliokuwa wakirekodiana na kupeana faili kwenye kompyuta, wakajifunzia gitaa kwenye nyimbo zile zile zilizotukera sisi, wakaanzisha bendi. Mwaka 2002 wasomaji wa jarida lile lile la Rolling Stone waliulizwa albamu bora za wakati wote, na Pinkerton ikashika nafasi ya 16. Miaka sita tu! Huwa najiuliza kama kuna mtu mmoja aliyepiga kura zote mbili. Naamini wapo. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1996 na hajawahi kuachwa, 2002 keshaachwa mara mbili.

Mwaka 2010 walitoa toleo jipya lenye nyongeza, wakazunguka miji wakiipiga yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na watu wakaimba naye kila neno. Kufikia 2016 ilikuwa imethibitishwa kufikisha nakala milioni moja Marekani. Miaka ishirini, mama. Sikwambii usubiri miaka ishirini. Kodi ya nyumba haisubiri, na bendi yenu haina kampuni nyuma yake kama walivyokuwa nayo wao. Nakwambia usiiondoe. Punguzeni kuipiga mkitaka, changanyeni na zile za kwanza ili watu wa Worcester wapate kucheza, mpeni mpiga besi wenu nyimbo zake mbili tatu. Ila ikae pale ilipo, mtu aweze kuikuta.

Kwa sababu mimi niliikuta tena, na aliyeniletea ni wewe.

Ilikuwa 2012, uko darasa la tisa, asubuhi, nakupeleka shule. Ulichomeka simu kwenye redio ya gari bila kuomba ruhusa, kama kawaida yako, na bati likaanza kuburutwa kwenye saruji. Nikaijua kabla ya maneno. Sikukwambia kwamba niliwahi kuwa nayo; nilikuuliza tu, hii nini, ukanijibu kwa dharau ya miaka kumi na minne, "Baba, hutaielewa." Mama yako alikuwa amekaa mbele na sare yake ya kazi, ametoka zamu ya usiku, macho kayafumba. Nikadhani kalala. Kisha nikaona kidole chake kimoja kwenye goti kinafuata ngoma. Ulipoteremka akasema, "Huyu mtu anaumwa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Usiizime." Tukafika nyumbani, tukakaa garini, injini inanguruma, mpaka wimbo wa mwisho, ule wa gitaa moja tu na sauti yake.

Mimi nilikwisha kuwa na miaka arobaini na kitu. Nilikwisha kuzika wazazi wawili kwa simu.

Sasa kimya changu. Albamu yenu niliipata siku ile ile ilipotoka. Niliisikiliza kwenye maegesho ya kazini kabla ya zamu, na ilipofika wimbo wa sita niliizima. Umeimba chumba cha mama yako. Umeitaja mashine ya oksijeni na sauti yake, umetaja harufu, umetaja hata kanga aliyofunikwa, ile yenye rangi ya zambarau. Hukufumba chochote. Nikasikia shangazi yangu anasema ndani ya kichwa changu, haujapikwa, na nikakasirika kwa niaba ya marehemu, kwamba umemtoa uani akiwa hajajifunga vizuri na kumweka mbele ya watu wa Worcester. Nilikaa na hasira hiyo wiki tatu. Ndiyo maana sikupiga simu. Mimi pia nilitoka nje ya ukumbi.

Jana usiku nimeirudia, nimekaa jikoni, taa nimezima. Safari hii niliimaliza. Wimbo wa sita niliurudia mara nne, nadhani, au tano. Siwezi kukwambia ni mzuri, bado siko mahali pa kusema hivyo. Lakini nilitamani kungekuwa na watu ukumbini na mimi nina noti mkononi.

Kuna kosa moja tu. Katika ubeti wa mwisho unasema mashine ilizimwa alfajiri, alipoondoka. Haikuzimwa alfajiri. Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi na viatu vyako, nami sikutaka kukuamsha. Aliondoka kabla ya adhana ya simu yangu, na mashine niliiacha inapumua pale pale mpaka saa tatu asubuhi, kwa sababu nilijua nikiizima nyumba itanyamaza. Niliizima mimi, kwa mkono wangu, uliposogea kama unataka kuamka.

Uimbe utakavyo. Nilitaka tu ujue ilikuwa saa tatu.

Baba yako