Kwa wajukuu zangu wa steji ya alfajiri

Wajukuu zangu mnaosubiri matatu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kabla jua halijachomoza,

Mmenizoea kama shosho wa chai na mandazi. Mimi nimewazoea kwa mikono yenu, maana nyuso huwa zimeinamia simu. Mkono unakuja, unachukua kikombe, unakirudisha kitupu. Juzi nilimuuliza mmoja wenu chai ilikuwaje, akanijibu, "Ilikuwa moto." Jibu hilo lilinikosesha usingizi, nikamwomba mjukuu wangu wa damu anichapie barua hii.

Siwacheki. Nami nimepika chai miaka mingi bila kuionja. Kisha 2021 Corona ikanipitia, ikaniachia uhai, ikaondoka na pua. Naponda tangawizi, nainusa, ni kama nanusa ukuta. Nikaongeza kipande, nikaongeza kingine, mpaka makanga mmoja akakohoa machozi yakamtoka, akaniuliza kama nauza chai au dawa ya kifua. Wengine hawakusema kitu. Walihamia kwa jirani yangu tu.

Pua ilirudi alasiri moja ya mwezi wa nne, mvua ilipogonga vumbi la barabara baada ya jua kali. Nilisimama pale pale na kikapu changu, nikinyeshewa, nikivuta harufu ya udongo hadi watu wakadhani nimerukwa na akili. Mjukuu anasema harufu ile hutengenezwa na vijidudu vya udongoni, na matone ndiyo huirusha hewani. Sikujua kuna vijidudu vya kushukuriwa.

Tangu hapo kikombe cha kwanza ni changu, na nakinywa nimefumba macho. Nanusa kwanza. Halafu nayafuata maji kinyumenyume: natoka kwenye sufuria, kwenye mtungi, kwenye mfereji wa ploti, nafuata mabomba mpaka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, penye ukungu wa Aberdare. Nikitoka huko napitia Limuru, ambako chai ilipandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Namwona mama ana kikapu mgongoni, umande umemlowesha sketi hadi magotini, vidole vinachuma majani mawili na kichipukizi kimoja. Hanijui, simjui, na nimeshamwambia asante kabla chai haijapoa.

Mfereji ukikauka siku tatu, sisemi mshukuru. Hapo lalamikeni, nami nitakuja na mitungi yangu mitupu tupige kelele pamoja.

Ila hizo safari zenu za Jogoo Road zinanihuzunisha. Toeni hivyo vidude masikioni japo dakika tano. Msikilize makanga akigonga bodi mara mbili, dereva naye anavyong'oa gari bila kugeuka, kama watu waliooana zamani. Mwezi wa kumi mkifika mjini, inueni macho mtazame jakaranda zilivyomwaga zambarau juu ya lami. Mnazikanyaga kila mwaka.

Mimi nitakuwa jikoni saa kumi na moja kama kawaida. Kesho natia iliki au mdalasini, sisemi ni kipi. Atakayenitajia kwa kuonja tu, simu ikiwa mfukoni, mandazi ya pili ni ya bure.

Shosho wenu wa chai