Fomu za kung fu ya kusini zina kipimo chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaojifunza kung fu ya kusini mwa China tumelinyamazia kwa muda mrefu, nalo ni namna fomu za jadi zinavyooneshwa na kupewa alama katika mashindano ya siku hizi.

Kwa msomaji asiyezoea, fomu ni mfululizo wa miondoko uliopangwa, ambao mwalimu humrithisha mwanafunzi ili elimu ya mtindo mzima ikae ndani ya mwili wake. Mitindo ya Guangdong na Fujian, kama vile Hung Gar, au Choy Li Fut iliyoasisiwa na Chan Heung mwaka 1836, husifika kwa misimamo imara na kazi nyingi ya mikono; Wachina wenyewe husema kwamba ngumi ni za kusini na mateke ni ya kaskazini.

Nichukue fomu moja ninayoijua vizuri. Katika Hung Gar, fomu ya msingi ni Gung Ji Fuk Fu, ambayo ni ya kumtiisha chui milia, na sehemu ya jina hilo hutokana na herufi ya Kichina yenye mistari miwili ya kulala iliyounganishwa na mmoja wa kusimama, kwa kuwa nyayo za mchezaji huichora herufi hiyo sakafuni. Karibu na mwanzo wake, mchezaji hushuka katika msimamo wa mpanda farasi, kisha husukuma mikono mbele polepole, kidole cha shahada kikiwa kimesimama wima, huku akiitoa pumzi kwa mkazo, na hurudia tena na tena. Aliyekaa mbali atadhani hakuna kinachotendeka. Aliye karibu ataona misuli ya kigasha, ambacho watu wa kusini hukiita daraja, ikikaza mpaka inatetemeka, na jasho likidondoka kabla mchezaji hajainua hata unyayo. Miguu, pumzi na daraja hufundishwa kwa pamoja mahali hapo, na mapigo yote yanayofuata huchota nguvu zake humo.

Sehemu hiyo ndiyo inayokatwa kwanza. Mashindano mengi huweka kikomo cha dakika moja au mbili hivi, ilhali fomu hii ikipigwa kwa ukamilifu huhitaji muda zaidi. Basi mshindani huondoa yale ya polepole, hubakiza mapigo ya haraka, na wengine hupachika miruko ambayo hawakufundishwa na mwalimu yeyote wa mtindo huo. Mimi niliwahi kuipiga sehemu ile kwa pumzi zake zote, na baadaye mwamuzi mmoja akaniambia kwamba nilikuwa nimesimama mno. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu kusimama huko kulinigharimu miaka ya mazoezi, na yule aliyepewa kazi ya kukupima hakujua anatazama nini.

Sina ugomvi na nanquan ya kisasa, yaani ngumi za kusini zilizofanywa mchezo wa mashindano. Huo ni mchezo kamili wenye kanuni zake, na fomu yake ya kwanza ya lazima ilitungwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya Beijing ya mwaka 1990. Mchezaji hupewa zulia la mita 14 kwa 8 na hutakiwa kucheza kwa sekunde 80 au zaidi. Katika alama 10, 5 ni za ubora wa miondoko, 3 za uchezaji kwa ujumla na 2 za ugumu, kwa mfano kupinduka kinyumenyume hewani. Vijana wanaoyaweza hayo nawavulia kofia. Ila kipimo hicho kinapoingizwa kimyakimya katika kundi la fomu za jadi, tunawafundisha watoto kuacha urithi wakimbilie makofi ya watazamaji. Hata sauti zimeharibiwa: katika Tit Sin, fomu ya waya wa chuma, kila mlio una pumzi na hisia yake, iwe hasira, furaha au huzuni, lakini ulingoni nasikia ukelele mmoja tu unaorudiwa kila penye ngumi.

Wapo watakaosema kwamba mila nazo hubadilika, na ni kweli. Fomu ya chui milia na korongo inanasibishwa na Wong Fei-hung mwenyewe, bingwa mashuhuri wa Hung Gar, na mwanafunzi wake Lam Sai-wing aliichapisha kitabuni watu wakaisoma. Mabadiliko ya namna hiyo yalifanywa na watu walioielewa kazi ya kila pigo, kwa manufaa ya mwanafunzi.

Ninachowaomba waandaaji ni kidogo. Pale muda usipotosha, mshindani aruhusiwe kupiga sehemu moja nzima ya fomu badala ya vipande vilivyoungwaungwa, na ataje mtindo wake na fomu yake kabla ya kuanza. Miruko isiyokuwemo isiongezewe alama. Na kwenye meza ya waamuzi akae walau mmoja aliyewahi kushuka katika msimamo ule na kuisukuma mikono ile mpaka mapaja yakamwaka moto.

Wako,
Mwanafunzi wa Hung Gar