Kompyuta ya Mezani Imekufa: Vifaa Gani Vihamie Kwenye Mashine Mpya?

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, mteja hutuuliza sisi mafundi kwanza kama diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kasha vinaweza kuhamia kwenye mashine mpya. Vingi vinaweza. Lakini kabla ya kununua chochote, ijulikane kwanza nini kimeiua ile ya zamani, kwa sababu hapo ndipo utajua vifaa vipi vya kuaminiwa. Ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) uliochoka kwa uzee kwa kawaida huviacha vifaa vingine salama. Pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoungua, au radi iliyopita kwenye nyaya za umeme, huweza kugusa kila kilichounganishwa nayo, na kifaa kilichojeruhiwa hivyo kinaweza kufanya kazi wiki kadhaa ndipo kife.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vyombo vingi. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ukutoke, kisha ondoa kila kisicho cha lazima: diski, vifaa vya USB, na kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye skrini) pia kama prosesa, ubongo wa kompyuta, ina grafiki yake. Vibaki ubao mama, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na pawasaplai. Ikiwaka katika hali hiyo, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa umeme kila mara, mpaka igome tena. Ulichokirudisha mwisho ndicho cha kushuku. Isipowaka, jaribu kipande kingine cha RAM, kisha pawasaplai nyingine unayojua ni nzima. Kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) zilizovimba kichwani au kuvuja kwenye ubao mama ni dalili kwamba ubao huo umekwisha. Na usiukatie tamaa ubao kabla ya kubadilisha betri ndogo ya CR2032: ni ya volti 3, na ikiisha saa hurudi nyuma, mipangilio ya BIOS (programu ya ubao inayoianzisha mashine) hupotea, na baadhi ya mashine hukataa kabisa kuanza.

Pawasaplai: hapa tuna msimamo mkali

Pawasaplai ndiyo tunayokataa kuirudisha mara nyingi zaidi, hata inapoonekana nzima. Kapasita zake huzeeka kwa joto. Inaweza kuzungusha feni na kuwasha taa, kisha ikashindwa pale prosesa na kadi ya grafiki zinapodai umeme mwingi kwa pamoja. Mteja huona kompyuta inajizima katikati ya kazi na kudhani ubao mpya ni mbovu.

Ukitaka kuipima kwa multimita, pima ikiwa na mzigo, maana bila mzigo vipimo havisemi mengi. Laini ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6, ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25; ya volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.46. Nje ya hapo, itupe. Ikisoma ndani ya mipaka bado hujamaliza, kwa kuwa multimita ya kawaida haionyeshi mitetemo midogo ya umeme inayochosha diski na ubao. Kanuni yetu ni hii: ikiwa waranti yake imekwisha, au ndiyo iliyokuwapo wakati mashine inakufa ghafla, nunua mpya. Na usiifungue kamwe, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kosa linalounguza vifaa vingi vizima ni la kebo. Pawasaplai ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili hazina mpangilio mmoja wa pini upande unaoingia kwenye pawasaplai yenyewe. Kila kampuni ina wake, na hata modeli mbili za kampuni moja zaweza kutofautiana. Plagi itaingia vizuri kabisa, lakini volti 12 zitafika mahali diski inapotarajia volti 5, na diski itaungua papo hapo pamoja na kila kilichomo. Kwa hiyo ukibadilisha pawasaplai, badilisha na kebo zake zote, hata kama za zamani zimeshapangwa vizuri ndani ya kasha.

Kwenye mashine za ofisini za Dell, HP na Lenovo, angalia plagi kabla ya kuagiza. Nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, na ubao wake una umbo lake. Pawasaplai ya dukani haiwezi kuingia humo moja kwa moja, wala ubao wa kawaida hauwezi kukaa vizuri kwenye kasha hilo.

Ubao mama, prosesa na RAM

Hivi vitatu huenda pamoja. RAM huja kwa vizazi, DDR3, DDR4 na DDR5. Ya DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limehamishwa na umeme wake ni tofauti: volti 1.2 kwa DDR4, volti 1.1 kwa DDR5. Kisipoingia, usikilazimishe. Soketi ni mahali prosesa inapokaa kwenye ubao, na kila aina ina jina lake, kama AM5 au AM4 ya AMD na LGA1700 ya Intel. Ubao wa soketi ya AM5 hupokea DDR5 pekee. Wa LGA1700 hutengenezwa kwa DDR4 au kwa DDR5 kutegemea modeli, basi mwenye RAM nzuri ya DDR4 anaweza kuokoa fedha kwa kuchagua ubao unaoipokea. Kabla ya kuihamisha, iache programu ya MemTest86 iipime usiku kucha. Kosa moja linatosha kuikataa. Ukichanganya vipande vya zamani na vipya, vyote vitaenda kwa mwendo wa kile cha polepole, na wakati mwingine mashine haitatulia kabisa.

Prosesa hufa kwa nadra. Tatizo lake ni soketi. Mfano unaowaponza wengi ni LGA1151: prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 inakaa vizuri kwenye ubao wa kizazi cha 6 au cha 7, ila haiwaki. Kwa AM4, ubao mmoja huweza kupokea vizazi kadhaa vya prosesa za Ryzen, mradi BIOS yake isasishwe kabla ya kuingiza prosesa mpya zaidi.

Hatushauri kutafuta ubao wa mtumba ili kuokoa prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha 8. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizo, karibu zote, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fedha hiyo ni bora iingie kwenye ubao mpya.

Feni ya prosesa inaweza kuhama ikiwa vishikizo vinalingana. Matundu ya LGA1200 yako umbali wa milimita 75, ya LGA1700 milimita 78, hivyo utahitaji kishikizo kipya. Futa krimu ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na upake mpya, kiasi cha punje ya njegere.

Diski, kwa sababu ndimo iliyomo kazi yako

Kabla ya jaribio lolote, iunganishe diski kwenye kompyuta nyingine kama ya pili na unakili faili zako. Soma hali yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Diski ya kuzunguka ikionyesha sekta (sehemu ndogo za diski) zilizohamishwa kwa kuharibika au zinazosubiri kuhamishwa, kazi yake iliyobaki ni kunakiliwa tu.

Diski ikikataa kufunguka na kudai ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Ilikuwa ikifunguliwa kimyakimya na chipu ya TPM (inayotunza funguo) ya mashine ya zamani, na sasa haiioni. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au kwa msimamizi wa mitambo wa ofisi. Bila huo, hakuna fundi atakayezitoa data. Kama mashine bado inawaka mara moja moja, utafute leo.

Kutarajia Windows ya zamani iwake tu kwenye ubao mpya ni kubahatisha. Iliyosakinishwa kwa mfumo wa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, haitaanza kwenye ubao unaokubali UEFI pekee, yaani mrithi wa BIOS, na leseni iliyokuja na mashine ya kampuni imefungwa kwenye ubao ule wa kwanza. Tunapendelea SSD (diski isiyozunguka) mpya kwa ajili ya Windows, na diski ya zamani ibaki ghala la faili. Kwa zile nyembamba za M.2, soma maelezo ya sloti: NVMe na SATA ni njia mbili tofauti za kuunganisha diski, na sloti nyingine hupokea NVMe tu, hivyo diski ya M.2 ya SATA haitaonekana humo.

Kadi ya grafiki huhama kirahisi. Pima urefu wake, na hesabu umeme: sloti hutoa wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kasha nalo linafaa likiwa la ATX, kipimo cha kawaida cha kasha na ubao, ila ukihama kutoka ubao wa milimita 305 kwa 244 kwenda wa 244 kwa 244, ondoa viguu vya shaba visivyo na tundu juu yake. Kimoja kikibaki kitagusa mgongo wa ubao na kuleta shoti.

Ukituletea mashine, njoo na kebo zote zilizokuja na pawasaplai na ufunguo wa BitLocker kama unao. Tueleze pia ilikufaje: ghafla kwa harufu ya kuungua, wakati wa radi, au kwa kujizima kidogo kidogo kwa majuma.