Malalamiko kuhusu lebo ya dawa yenu ya kubandulia stempu za kujibandika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: STEMPU ZILIZOHARIBIKA KWA KUFUATA MAELEKEZO YA LEBO YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkusanyaji wa stempu kwa zaidi ya miaka 20, na ninawaandikia kwa sababu dawa yenu ya kubandulia stempu imeniharibia stempu 14 ambazo siwezi kuzipata tena. Sikuandika siku ileile ilipotokea, kwani nilitaka kwanza nijiridhishe kwamba kosa halikuwa langu. Sasa nimejiridhisha. Sidai kwamba dawa yenyewe haifanyi kazi. Ninacholalamikia ni maneno mliyoyachapa kwenye lebo ya chupa, ambayo yamenielekeza kutumia dawa mahali ambapo haikuhitajika kabisa.

Lebo hiyo inasema kwamba dawa inafaa kwa "stempu zote za kujibandika", na kwamba mtumiaji aipake nyuma ya karatasi, asubiri dakika moja, kisha abandue. Hakuna maelezo mengine. Nilifanya hivyo hatua kwa hatua. Nilikata vipande vya bahasha nikiacha nafasi ya kutosha kuizunguka kila stempu, nikavilaza kifudifudi juu ya karatasi safi ya kunyonya wino, nikapaka dawa kwa brashi laini, na dakika ilipotimia nikaivuta karatasi kutoka kwenye stempu badala ya kuivuta stempu kutoka kwenye karatasi, kwa maana stempu ikivutwa yenyewe hujikunja na mkunjo huo hauondoki kwa urahisi. Stempu zote zilibanduka. Dakika chache baadaye nikaona kwamba wino wa kalamu ulioandikwa kwenye bahasha ulikuwa umeyeyuka na kupenya hadi kwenye stempu 3, mihuri ya posta kwenye nyingine 5 ilikuwa imetapakaa kama wino uliomwagikiwa maji, na zote 14 zilikuwa na kivuli cha mafuta kilichofanya karatasi yake ing'ae kama imepakwa siagi. Nilisubiri siku 9 nikitumaini kivuli kile kitakauka. Kwenye stempu 6 hakijaondoka mpaka leo.

Halafu kuna gundi. Dawa yenu huilegeza gundi lakini haiimalizi, na nyuma ya stempu hubaki utando unaonata ambao lebo haiutaji hata kwa neno moja. Wakusanyaji wenye uzoefu na stempu za aina hii hupaka poda ya talki nyuma ya stempu ili kuua mnato huo kabla ya kuiweka popote. Mimi nilizoea stempu za maji, yaani zile zinazobanduka kwa kulowekwa, sikulijua hilo, na nikaamini kwamba lebo ingeniambia kama kungekuwa na hatua nyingine. Nilizipanga stempu kwenye albamu ya mifuko ya plastiki, na kesho yake 4 kati yake zilikuwa zimeganda ndani ya mifuko.

Ninaomba mlitazame kwa makini hili linalofuata, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika. Stempu zile zilikuwa za Marekani, za miaka ya 1990, zilizobanduliwa kutoka kwenye barua ambazo marehemu shangazi yangu alinitumia kwa miaka kadhaa. Nyingi kati ya stempu za kujibandika za Marekani za wakati huo zilitengenezwa zikiwa na utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji, uliowekwa kati ya karatasi ya stempu na gundi, kwa ajili hasa ya watu kama mimi. Ukiiloweka stempu ya namna hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, maji hupenya karatasi, utando huyeyuka, stempu huelea ikiwa safi, na gundi yote hubaki imeng'ang'ania bahasha. Inachukua muda mrefu kuliko stempu za zamani za kulamba, lakini haidai chochote zaidi ya bakuli na subira. Baada ya hasara niliyoipata, nilichukua stempu moja ya toleo lilelile iliyobaki kwenye bahasha yake, nikailoweka, na baada ya dakika kama 45 ilijitenga bila doa. Nilikaa muda mrefu nikiitazama stempu ile pamoja na mwenzake iliyopakwa dawa yenu, ambayo tarehe ya muhuri wake haisomeki tena, na nilihuzunika sana. Tarehe ile ndiyo iliyokuwa ikinionyesha barua ilitumwa lini. Shangazi hakuwa na desturi ya kuandika tarehe ndani.

Kampuni inayouza dawa kwa wakusanyaji haiwezi kusema kwamba haiyajui haya. Stempu za kujibandika si kitu kimoja. Tangu Sierra Leone ilipotoa zile za kwanza mwaka 1964, zilizokatwa kwa umbo la ramani ya nchi hiyo, kila mchapaji ametumia gundi yake na karatasi yake. Marekani ilipojaribu kwa mara ya kwanza, kwa stempu ya Krismasi ya mwaka 1974, gundi yenyewe ilipenya karatasi na kuitia madoa kadiri miaka ilivyopita, na kwa madoa hayo hakuna wa kulaumiwa leo, wala nyinyi siwalaumu kwa stempu za namna hiyo. Baadaye ukaja utando wa maji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani ikaanza kuuacha, kiasi kwamba stempu zake nyingi za tangu wakati huo hazibanduki kwa maji hata zikilowekwa usiku kucha. Uingereza nayo, kuanzia mwaka 2009, ilizitia stempu zake za kawaida mikato midogo ya usalama ili zipasuke mtu akijaribu kuzibandua na kuzitumia tena. Kwa stempu hizi za baadaye dawa kama yenu inahitajika kweli, na mimi nataka iendelee kuwepo. Lakini hata kwa stempu hizo dakika moja haitoshi, kwa sababu ukiivuta stempu yenye mikato kabla gundi haijalegea yote, vipande vya katikati vitabaki kwenye bahasha.

Kwa hiyo neno "zote" kwenye lebo yenu si kweli, na madhara yake yanamwangukia mteja anayewaamini. Sentensi moja tu, inayomwambia mtumiaji ajaribu maji kwanza na atumie dawa pale maji yanaposhindwa, ingeokoa stempu zangu zote 14. Naelewa kwamba sentensi hiyo huenda ikapunguza matumizi ya dawa. Hata hivyo mnawauzia watu wanaotunza vitu visivyo na mbadala, na kwa watu hao uaminifu wa lebo ni sehemu ya bidhaa.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwa heshima, na kwa hilo nashukuru, lakini alisema kwamba nilipaswa kufanya jaribio kwenye stempu isiyo na thamani. Ushauri huo haumo kwenye lebo. Tena, stempu iliyotumika, yenye muhuri wake na siku yake, haina pacha wa kujaribiwa. Nilimuuliza pia dawa imetengenezwa kwa kitu gani, akasema hana taarifa hiyo. Inanukia maganda ya chungwa, na chini ya harufu hiyo ipo nyingine kali kama ya mafuta ya kiberiti, iliyonitia kizunguzungu kwa kuwa nilifanya kazi nikiwa nimefunga madirisha ili upepo usipeperushe stempu. Ikiwa ndani yake mna kitu kinachoshika moto, mteja hana budi kuambiwa kabla hajafungua chupa karibu na mshumaa au jiko.

Ninaomba mnirudishie gharama ya chupa, ingawa hilo ndilo dogo kwangu. Kubwa ni kwamba lebo ibadilishwe: iondoe neno "zote", itaje viambato, ionye kuhusu moto na hewa, ionye kwamba wino wa kalamu na wa muhuri unaweza kuyeyuka, na ieleze matumizi ya talki. Ninaomba pia iseme wazi kwamba stempu ambayo mtu ana shaka nayo ni afadhali iachwe kwenye kipande chake cha bahasha, kikatwe vizuri na kuhifadhiwa hivyohivyo, kama wakusanyaji wengi wanavyofanya sasa. Laiti ningelisoma hilo kwenye chupa, barua za shangazi yangu zingekuwa bado na mihuri yake.

Naambatisha picha za stempu zote 14, pande zote mbili, pamoja na picha ya lebo na ya ile stempu moja niliyoibandua kwa maji. Chupa ninayo, ikiwa na theluthi ya dawa, na nitaikabidhi mkitaka kuipima. Nategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mtakapoipokea barua hii. Yasipofika, nitawasilisha malalamiko haya kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu na mkusanyaji wa stempu